Gliserini Niliyojipaka Miguuni

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara mwaka huu, kabla hamjavaa hayo makoti meupe mnayopigia picha, vueni viatu kwanza niwaone visigino. Msinicheke. Nimeifanya kazi hii tangu nikiwa msichana mwenye kiuno mpaka nimestaafu na fimbo, na kosa langu kubwa kuliko yote lilianzia kwenye kisigino.

Naitwa Nyangeta. Kazi yangu ilikuwa kupika. Siyo kupikia watu, wanangu. Kupikia bakteria. Maabara yetu ilikuwa ndogo, hapa hapa Musoma, na chumba cha kupikia tulikiitaga jikoni. Mgonjwa akihisiwa kuwa na kifua kikuu, makohozi yake au usaha wake uliletwa kwetu, tukaupanda juu ya chakula nilichopika mimi. Kikiota kitu, daktari anajua anapigana na nani. Kisipoota, tunaandika kwenye karatasi: Hakuna kilichoota. Maneno mawili tu, lakini mtu anarudi nayo nyumbani.

Chakula chenyewe ni mayai. Ndiyo, mayai haya haya. Unayavunja, unachanganya na maji ya chumvi za aina mbalimbali, rangi ya kijani kidogo ya kufukuza vijidudu ambavyo havikualikwa, na gliserini, ile ile mnayonunua dukani mkachanganya na mafuta ya kupaka. Unamimina kwenye vichupa, unavilaza viiname, unavipasha moto taratibu mpaka yai ligande. Kikiiva kinakuwa kijani laini kama nyama ya parachichi. Unapanda, unaweka kwenye kabati la joto, unasubiri wiki nane. Nane! Bakteria wa kifua kikuu hana haraka na mtu.

Mimi ile subira niliipenda. Niliingiaga chumba cha joto mchana, wenzangu wamekwenda kula, ziwa limetulia huko nje mpaka unasikia mtu akifua nguo kwenye mawe ya mbali. Vichupa vimelala safu kwa safu, na mimi nimesimama katikati yao, macho yananilegea. Kuna siku niliona kabisa kama vinapumua. Nilikuwa nashika kimoja na kunong'ona, "Kua basi, kua tukuone." Mpaka leo nikilala mchana najiota nimo mle ndani, joto la mwili wa mtu limenizunguka pande zote, na hakuna anayeniita. Nikiamka huwa nahuzunika kidogo.

Aliyenifundisha kupika ni Mzee Magesa, mtu wa Suguti, mwembamba, mkali kama pilipili kichaa. Siku ya kwanza alinikuta napiga mayai kwa nguvu, nataka kuonekana hodari. Akaninyang'anya mchapo niliokuwa nachanganyia.

"Binti, hilo yai limekukosea nini?"

"Nalichanganya, mzee."

"Unalipiga. Yai linabembelezwa. Ukilipiga linatoa povu, povu linaacha matundu, na kwenye matundu utamsomea daktari nini?"

Tangu siku hiyo sijapiga yai hata la kukaanga. Watoto wangu walikua wakila mayai yaliyobembelezwa.

Alinifundisha pia kuchagua mayai. Kuna mwezi mmoja niliona kwenda Guta kwa mama mmoja mwenye kuku wa kienyeji ni mbali, nikanunua trei kwa mfugaji mkubwa pale Bunda mjini. Mayai makubwa, safi, yanang'aa. Nikapika vizuri sana. Wiki zikapita, hakikuota kitu, hata wale bakteria tunaowapanda makusudi kupima kama chakula ni kizuri. Mzee Magesa akaniuliza, "Hao kuku wanakula nini?" Nikaenda kuuliza. Kumbe wanapewa dawa kila wiki ili wasiugue, na dawa inaingia kwenye yai. "Umewaalika wageni ukawawekea sumu," aliniambia, na wiki nzima hakunisemesha tena. Kwa hiyo mkisikia mimi natetea kuku wa kienyeji, msidhani ni ushamba.

Sasa hii gliserini. Mkuu wetu wa maabara alikuwa Daktari Rhobi, mwanamke mdogo kwangu kiumri lakini kichwa chake, we acha tu. Ijumaa mchana alituweka chini na chaki akatueleza kwa nini tunaiweka. Bakteria, alisema, ana ngozi, na gliserini inapenya kwenye ngozi hiyo. Ikishaingia, kimeng'enya cha kwanza kinaibandika alama ya fosfeti ili isitoke tena. Cha pili kinaibadilisha umbo. Cha tatu kinaipokea, cha nne, hivyo hivyo, mpaka ifike penye moto wenyewe, mahali bakteria anapopatia nguvu. Mimi nikaona picha ya siku tuliyojenga darasa kijijini kwetu, watu wamepanga mstari wanapokezana matofali. Hakuna anayetembea, lakini tofali linafika.

"Na hao wapokezanaji hawaajiriwi ovyo," Daktari Rhobi akasema. "Maelekezo ya kuwatengeneza yameandikwa kwenye jeni. Kwa bakteria wengi kuna mlinzi amekalia ukurasa ule. Gliserini isipokuwepo, mlinzi hanyanyuki, maana kutengeneza vimeng'enya ni gharama. Gliserini ikiingia ikabandikwa alama, inamgusa mlinzi, mlinzi anaachia ukurasa, ndipo kazi inaanza."

"Yaani hapiki mpaka amwone mgeni mlangoni?" Mzee Magesa akauliza.

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Basi ana akili kuliko shemeji yangu."

Tulicheka, tukarudi kazini. Mimi nilibaki na yule mlinzi kichwani siku nyingi. Nilikuwa nikichuja mayai namuona, amekaa juu ya ukurasa wake ndani ya mdudu asiyeonekana, anasubiri kuguswa.

Wakati huo ndipo alipoanza kuja bibi mmoja kutoka upande wa Butiama na mjukuu wake. Mtoto aliitwa Nyamisi, miaka kama kumi na minne. Alikuwa na matezi shingoni, mawili yameshapasuka yanatoa usaha, na siku zote alivaa sweta la shingo ndefu hata jua linawaka. Shuleni wenzake walikuwa wamevuta madawati mbali naye kwa sababu ya harufu, naye akaacha kwenda. Bibi alisimama dirishani kwetu akanipa barua ya hospitali na kichupa. Nikapanda. Wiki nane. Nikaandika kwa mkono wangu: Hakuna kilichoota. Wakarudi mara ya pili, nikapanda. Wiki nane nyingine. Hakuna kilichoota. Hospitali nao wakasema hawawezi kumwanzishia mtoto dawa za miezi mingi kwa kubahatisha, waendelee kutafuta.

Hapa katikati nikafanya ujinga wangu.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, pale Bunda, na mimi nilichaguliwa kumsindikiza ukumbini. Nguo imeshonwa, viatu vya wazi vimenunuliwa. Kiangazi kile kilikuwa kikavu, na miguu yangu ilikuwa na magaga hata shuka linanasa. Nikiangalia visigino, nikiangalia viatu, aibu tupu. Na pale jikoni, juu ya rafu, ilikuwepo chupa ya gliserini safi kuliko yoyote ya dukani.

Nikajiambia, ya serikali ni yetu sote. Nikaimimina yote iliyobaki kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Halafu, sikieni ushenzi wangu, nikajaza maji yaliyochemshwa kwenye chupa ile mpaka kwenye mstari, ili Mzee Magesa asione imepungua. Nikaenda Bunda. Nilicheza usiku kucha, visigino vinang'aa kama sahani, shangazi wa bwana harusi akaniuliza napaka nini. Nikamwambia ni maziwa ya mtindi.

Jumatatu nikarudi. Mzee Magesa ameenda likizo Suguti kuvuna mihogo yake, vichupa vimeisha, zamu ya kupika ni yangu. Nilijua. Sitaki mseme labda alisahau. Nilijua kabisa chupa ile ni maji. Ningeweza kumwambia Daktari Rhobi tusubiri gliserini nyingine kutoka Mwanza. Nikaona aibu, nikapima maji yangu kwenye kikombe kama vile ni gliserini, nikapika. Kwenye daftari nikaandika: gliserini, kipimo kamili.

Siku ya pili yake, bibi akafika dirishani kwa mara ya tatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimemleta tena." Akashika chuma cha dirisha. "Nikwambie ukweli. Nimechoka. Mkisema tena hakuna kitu, nampeleka kwa mganga amchanje hizo tezi azikamue. Ameshaniambia ataweza."

Nikamtazama Nyamisi. Alikuwa anatazama ziwa, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeko mahali pengine. Mganga angemchanja shingoni kwa wembe, pale palipojaa mishipa. Nikapokea kichupa, nikapanda usaha wake juu ya kile chakula changu cha uongo, maana hakukuwa na kingine.

Wiki zile sikulala vizuri. Nilikuwa naota jikoni pamejaa maji, vichupa vinaelea, na mimi navikusanya kwa mikono vinanitoroka. Wiki ya tano, Daktari Rhobi akaingia chumba cha joto na orodha yake kukagua. Mzee Magesa alikuwa amerudi, amesimama nyuma yetu. Daktari akachukua kile kichupa cha kupima, chenye bakteria wetu tunayemjua wa binadamu, akakiinua kwenye mwanga. Vimeota vichembe dhaifu, hata mwenyewe ungevionea huruma. Akachukua cha pili. Hivyo hivyo.

"Mapishi haya yameharibika," alisema. "Yote yaende kwenye mvuke leo. Tutaita wagonjwa upya."

Maana yake kila kichupa kipikwe mpaka vyote vilivyomo vife, kisha vimwagwe. Nikaanza kuvikusanya kwenye trei. Nikafika cha Nyamisi.

Kulikuwa na kitu. Chembe chache, nyeupe, bapa, zenye unyevu, zimekaa juu ya kijani kama punje za unga zilizomwagikiwa maji.

"Daktari, hiki kimeota."

Akakitazama. "Uchafu huo. Chakula kikiharibika kinaota chochote. Weka kwenye trei."

Nitawaambia bila kuficha: niliogopa kufukuzwa kazi kuliko nilivyomwogopea yule mtoto. Iliendelea hivyo kwa muda wa pumzi tatu hivi. Nilikuwa na watoto shuleni, nilikuwa na matumaini ya kupewa jikoni Mzee Magesa atakapostaafu, kila mtu alijua hivyo. Trei iko mkononi. Halafu nikamuona bibi ameshika chuma cha dirisha, nikauona wembe.

"Daktari, chakula hakijaharibika," nikasema. "Hakina gliserini."

"Unasemaje?"

"Niliichukua. Nikajipaka miguuni. Niliweka maji."

Mzee Magesa akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nalia, kamasi inatoka, na sina mkono wa kufuta.

"Hukuweka hata kidogo?" Daktari Rhobi akauliza.

"Hata tone."

Nilidhani atanipigia kelele. Badala yake alivuta stuli akakaa, akachukua tena kichupa cha Nyamisi, akakizungusha polepole kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu mtoto anaishi na ng'ombe?"

"Kwao ni wafugaji. Bibi yake alisema kunywa maziwa ndiyo kumemweka hai."

"Mabichi?"

"Mabichi, daktari. Yanatoka kwenye kiwele cha ng'ombe yanaingia kwenye kibuyu."

Alinyanyuka, akachota chembe moja, akaipaka kwenye kioo, akaitia rangi, akainama kwenye darubini. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa na maji. "Njoo uone," akaniambia, na mimi nikaona vijiti vyekundu, vimelala kwenye buluu. Haukuwa uchafu. Kilikuwa ni kifua kikuu.

"Lakini siyo cha kwetu," alisema. "Nadhani ni cha ng'ombe." Akatueleza pale pale tumesimama. Huyu wa ng'ombe ni ndugu wa karibu wa yule wa binadamu, ila kwenye jeni ya kimeng'enya kimoja, cha karibu na mwisho wa mstari, herufi moja imebadilika. Moja tu. Kimeng'enya kinatengenezwa lakini hakifanyi kazi. Gliserini inaingia, inapokezanwa mkono hadi mkono, ikifika kwa huyo mmoja inakwama, haifiki kwenye moto. Unamlisha, naye anakufa njaa. Ukimwachia mayai matupu bila gliserini anajikongoja, anaota taratibu.

"Mara mbili tulimnyima kwa kumkaribisha," alisema Daktari Rhobi. "Mimi nilisoma haya chuoni. Nilisahau."

Jioni ile ile alipiga simu hospitali. Baadaye alipanda upya kwenye chakula cha aina mbili, chenye gliserini na chenye chumvi nyingine inayoruka pale palipokwama, na mdudu akajionyesha wazi kuwa ni wa ng'ombe. Hilo lilikuwa muhimu, maana kati ya vidonge vya kifua kikuu kuna kimoja ambacho huyo wa ng'ombe hakisikii kabisa, kwa hiyo dawa zikapangwa kwa namna nyingine na kwa miezi mingi zaidi. Siku hizi mnayo mashine inayotoa jibu kwa saa mbili. Ni neema kubwa, sikatai. Lakini ile mnayoitumia kila siku itakwambia ni kifua kikuu, haitakwambia kimetoka kwa mtu au kwenye zizi. Hilo bado mtaulizwa ninyi.

Daktari alipotoka, nilibaki na Mzee Magesa. Nikasubiri kutukanwa. Akaketi, akavua kiatu, akavua soksi, akaninyooshea mguu. Kisigino laini kama cha mtoto wa miezi sita.

"Unadhani hii ni kwa maombi?" alisema. "Mimi nachukua matone matatu tu, na siongezagi maji." Halafu akavaa soksi. Yeye alisema kwangu, hakusema kwa daktari. Nilimpenda mzee yule, lakini hilo sijalisahau.

Mimi nilipewa barua ya onyo na nikanyang'anywa ufunguo wa jikoni. Mzee Magesa alipostaafu, jikoni alipewa mtu mwingine, aliyekuja nyuma yangu na niliyemfundisha mimi kubembeleza yai. Niliosha vichupa miaka mingi. Iliniuma, tena sana, na bado ikinijia mchana huu nikiwa peke yangu inauma. Nilikuwa na mkono wa kupika, kila mtu alisema hivyo. Kuna wanaosema Mungu ndiye aliyenituma kuiba. Msinisingizie Mungu. Wagonjwa wengine wa mapishi yale walichelewa majibu kwa sababu yangu. Kama ningeandika ukweli kwenye daftari siku ile ya Jumatatu, daktari angejua mapema, siyo wiki ya tano. Andikeni mlichofanya, siyo mlichotakiwa kufanya.

Bibi yake Nyamisi nilimweleza mwenyewe, walipokuja kuchukua dawa. Niliona anastahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini kwenye ngazi akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mjukuu wangu ameponea kwenye magaga yako!" Nikamwambia sasa maziwa yachemshwe. Hapo kicheko kikaisha. "Hapana mwanangu. Ukichemsha maziwa, chuchu za ng'ombe zinapasuka. Hilo kwetu linajulikana." Tulibishana pale kwenye ngazi, hakukubali. Nyamisi alikuwa pembeni anatusikiliza, sweta amelikunja mkononi.

Mwezi uliopita nilikwenda Butiama msibani, nikapita kwao. Bibi alishatangulia. Nyamisi ni mama wa watoto wawili, makovu shingoni yamebaki madogo, hayafichi. Alinikalisha, akaninawisha, akaniletea maziwa kwenye kikombe. Mimi nikakishika kikombe bila kunywa. Ugeni una adabu yake, na mimi ni mtu wa vichupa, nikawa natazama tu yale maziwa.

Akanicheka. "Kunywa, mama. Nimechemsha. Hapa tunachemshaga tangu nilipopona."

"Na bibi alikubali?"

"Alisema chuchu zitapasuka. Nikamwambia zikipasuka tutazipaka gliserini."

Tulicheka mpaka watoto wakaja kutazama. Nikanywa. Yalikuwa matamu, yana harufu ya moshi wa kibuyu kwa mbali. Nilipoaga, alinisindikiza hadi barabarani, na gari lilipokaribia akaninyooshea kitu kimefungwa kwenye gazeti. Nikafungua. Chupa ya gliserini, mpya, kizibo hakijafunguliwa.

"Nimeinunua Bunda," alisema. "Hii ni yako, mama. Jipake yote."